Makao ya usaidizi: Nani atamtunza mgonjwa wa akili wazazi wakiaga dunia?

KATIKA maboma mengi ya Kisii na Nyamira, kuna nyumba ndogo iliyojengwa hatua chache kutoka ile ya wazazi. Ndani yake huishi mtu mzima, aghalabu mwanamume aliyekwisha kutimu miaka arobaini au hamsini, ambaye hakuwahi kuoa wala kudumu kazini. Chakula chake hutoka jikoni mwa mamaye. Dawa zake hutunzwa na mama huyo huyo, ambaye pia ndiye azijuaye dalili za mwanzo za ugonjwa kurejea, na ndiye humtuliza usiku anapohangaishwa na sauti wasizozisikia wengine.

Mpango huo hauna jina rasmi, hauna bajeti, na wala haumo katika orodha yoyote ya huduma za serikali. Hata hivyo, ndio makao ya usaidizi ambayo wagonjwa wengi wa akili wa muda mrefu katika kaunti hizi mbili wanayategemea. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba umemwegemea mtu mmoja, naye anazidi kuzeeka. Siku mama huyo atakapofariki, mgonjwa hupoteza mlezi, mpishi, muuguzi na mlinzi wa ardhi yake kwa mpigo mmoja.

Makala haya yanaeleza maana ya makao ya usaidizi, aina zake, yaliyojaribiwa kwingineko, na hatua ambazo familia na serikali za kaunti zinaweza kuchukua kabla ya siku hiyo kufika.

Maana yake

Makao ya usaidizi ni mpango unaomwezesha mtu mzima mwenye maradhi ya akili ya muda mrefu, kama vile skizofrenia au baipola, kuishi katika nyumba ya kawaida miongoni mwa watu, huku akipata msaada anaouhitaji ili asianguke. Msaada huo waweza kuwa mdogo, kwa mfano kutembelewa mara moja kwa wiki. Waweza pia kuwa mkubwa, kwa mfano kuwa na mhudumu alalaye katika nyumba hiyo.

Yapasa kutofautisha mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara. Hospitali ni mahali pa kutibiwa ugonjwa unapopamba moto, nayo humruhusu mgonjwa aondoke apatapo nafuu. Nyumba ya mpito humpokea mgonjwa aliyetoka hospitalini kwa miezi kadhaa, akajifunza upya kupika, kufua, kushika fedha na kunywa dawa bila kukumbushwa. Makao ya usaidizi, kwa upande wake, ni maskani. Mkazi hahesabiwi siku za kukaa, na wala hafukuzwi kwa sababu amepona au kwa sababu ameugua tena.

Tofauti hiyo ya tatu ndiyo muhimu zaidi. Mtu anayejua kuwa kitanda chake kingalipo hata akilazwa hospitalini kwa mwezi mzima, hana sababu ya kuficha dalili zake kwa hofu ya kupoteza pa kulala.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwahi kukadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila 300 duniani ana skizofrenia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Tukitumia kadirio hilo la dunia kama kipimo tu, kaunti hizi mbili zingekuwa na takriban watu 6,000 wenye skizofrenia pekee. Hesabu hiyo haikujumuisha wenye baipola, wenye sonona sugu, wala wale ambao kifafa au majeraha ya kichwa yamewaathiri akili. Si wote wanaohitaji makao maalumu, kwani wengi hupata nafuu, wakaoa au kuolewa, na kufanya kazi zao. Lakini hata kama mmoja tu kati ya kumi angehitaji msaada wa kudumu, hao wangekuwa mamia ya watu.

Jambo la pili ni ardhi. Sensa hiyo ilionyesha kwamba Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 600, ilhali wastani wa nchi nzima ni watu 82. Mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi yakawa vipande vyembamba vya migomba, mahindi na majani chai. Kimila, kijana wa Kigusii aliyetahiriwa hutoka nyumbani mwa mamaye na kulala katika esaiga, yaani nyumba ya wavulana, mpaka atakapooa na kujenga yake. Desturi hiyo ilimpa mgonjwa asiyeoa mahali pa kuishi pasipo aibu. Siku hizi, nafasi ya kujenga esaiga nyingine inapokosekana, yule asiye na mke wala watoto wa kumtetea ndiye huambiwa asogee.

Kutoka Mathari hadi kaunti

Historia ya huduma hizi nchini ilianza kwa kuta. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilifunguliwa 1910 kama mahali pa kuwafungia waliohesabiwa kuwa wendawazimu, na kwa miongo mingi ndiyo iliyopokea wagonjwa kutoka pembe zote za koloni. Kwa familia ya Kisii, hiyo ni safari ya kilomita 300 hivi. Mgonjwa aliyepelekwa huko alikuwa mbali na jamaa zake, na baadhi ya waliopata nafuu walibaki wodini kwa kuwa hakuna aliyekuja kuwachukua.

Baada ya uhuru, serikali ilianza kufungua wodi za magonjwa ya akili katika hospitali nyingine, kama vile Port Reitz mjini Mombasa. Hata hivyo, upungufu haukwisha. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya 2017 ilibainisha kwamba ni hospitali 29 tu kati ya 284 za Kiwango cha 4 kwenda juu zilizokuwa zikitoa huduma za afya ya akili. Mnamo 2020, jopokazi lililoongozwa na daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa.

Katiba ya 2010 ilihamisha sehemu kubwa ya huduma za afya hadi kwa kaunti, na tangu 2013 hospitali za Kisii na Nyamira zimekuwa chini ya magavana. Kwa hivyo, swali la nani anastahili kuulizwa kuhusu makao ya wagonjwa hawa lina jibu lililo karibu zaidi kuliko zamani. Si lazima tena lielekezwe Nairobi.

Aina za makao

Katika nchi zilizotangulia kujaribu, makao ya usaidizi yana sura nne kuu.

Kwanza, kuna mtu anayeishi peke yake, katika nyumba yake au ya kukodi, na kutembelewa na mhudumu. Huu unamfaa aliyetulia na anayeweza kujipikia. Gharama yake ni ndogo, lakini hatari yake ni upweke.

Pili, kuna nyumba ya pamoja ya watu watatu hadi watano, ambapo mhudumu hufika mchana. Wakazi hugawana kodi, zamu za kupika na kazi za shamba. Wengi wa wasiokuwa na jamaa wa karibu hufaidika hapa.

Tatu, kuna nyumba yenye mhudumu usiku na mchana. Hii ni kwa wale ambao maradhi yamewadhoofisha sana au walio na ulemavu mwingine pamoja na ugonjwa wa akili.

Nne, kuna familia inayompokea mgonjwa asiye wa ukoo wake na kulipwa kwa kumtunza. Mji wa Geel nchini Ubelgiji umefanya hivyo tangu Enzi za Kati. Katika miaka ya 1930, zaidi ya wagonjwa 3,000 walikuwa wakiishi katika nyumba za wenyeji wa mji huo na viunga vyake, wakila mezani pamoja nao na kusaidia kazi za mashamba.

Majaribio ya Afrika na Asia

Wapo wadhanio kwamba mipango ya aina hii ni anasa ya nchi tajiri. Historia ya bara letu inawakanusha. Mnamo 1954, daktari Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango wa Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa, aliwapangisha katika vijiji vilivyozunguka hospitali, kila mmoja akiandamana na jamaa yake. Asubuhi walikwenda kutibiwa, jioni wakarejea kijijini. Wanakijiji walipata kodi, na mgonjwa hakukatwa kutoka maisha ya kawaida.

Tanzania ilifuata nyayo hizo kwa kuanzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, miongoni mwavyo Hombolo huko Dodoma na Vikuruti katika eneo la Dar es Salaam. Wakazi walilima chakula chao chini ya uangalizi wa wauguzi. Funzo la vijiji hivyo ni kwamba jembe lina manufaa kwa mgonjwa, mradi mavuno yawe yake na asigeuzwe kibarua asiyelipwa.

Nchini India, shirika la The Banyan, lililoanzishwa Chennai mnamo 1993, lilianza mpango uitwao Home Again mnamo 2015. Watu waliokuwa wamekaa hospitalini kwa miaka mingi bila jamaa wa kuwachukua huishi wanne au watano katika nyumba za kukodi mitaani na vijijini, pamoja na wahudumu ambao si madaktari bali ni wakazi wa kawaida waliofunzwa. Nchini Uingereza, mpango wa KeyRing, ulioanza 1990, huwaunganisha watu wanaoishi kila mmoja kwake lakini karibu karibu, huku wakiwa na mtu wa kujitolea katika mtaa huo huo. Anayemfahamu jirani wa Kigusii ataona kuwa wazo hilo si geni kijijini, ila limepewa utaratibu na mtu wa kuwajibika.

Mipango hiyo miwili ilitajwa na WHO katika mwongozo wake wa Juni 2021 kuhusu huduma za afya ya akili katika jamii. Mwongozo huo ulitaja pia vikundi vya Nairobi vya shirika la Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, ambavyo huwaleta pamoja watu walio na tajriba ya maradhi ya akili ili wasaidiane wao kwa wao. Kwa hivyo, Kenya haianzi mikono mitupu.

Onyo kutoka Afrika Kusini

Hata hivyo, haraka isiyo na maandalizi huua. Mnamo 2016, serikali ya mkoa wa Gauteng iliwahamisha zaidi ya wagonjwa 1,300 kutoka vituo vya Life Esidimeni ili kupunguza gharama. Wengi walipelekwa kwa mashirika madogo ambayo hayakuwa na leseni halali, chakula cha kutosha, wala watu waliofunzwa. Baadhi ya familia hazikuambiwa jamaa zao walipelekwa wapi. Wagonjwa 144 walifariki. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesikiliza madai ya familia hizo, aliamuru mnamo Machi 2018 zilipwe fidia.

Mkasa huo unafaa kukumbukwa kila mara kiongozi anapoahidi kuwatoa watu hospitalini au mitaani kwa kishindo. Nyumba bila dawa, bila chakula na bila mkaguzi ni hatari kuliko wodi mbovu, kwa sababu wodi angalau huonekana na wageni.

Makambi ya maombi na minyororo

Panapokosekana makao halali, nafasi hiyo hujazwa na wengine. Katika Oktoba 2020, shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa kwa minyororo au kufungiwa vyumbani katika takriban nchi 60, Kenya ikiwa mojawapo. Wengine walifungwa na jamaa zao nyumbani, na wengine katika vituo vya maombi na vya waganga.

Haifai kuwahukumu kwa wepesi wazazi wanaofanya hivyo. Mara nyingi hufunga mlango kwa kuogopa kwamba mwana wao atatangatanga barabarani, atapigwa na umati, au atazama mtoni. Katika jamii ambamo ugonjwa huu, ambao kwa Ekegusii huitwa ebarimo, umehusishwa kwa muda mrefu na laana au uchawi, familia huanzia kwa omoragori, yaani mpiga ramli, au kwa mhubiri, na hufika hospitalini fedha zikiwa zimekwisha. Imani hiyo ina hatari kwa wazee pia. Mzee anayepotea njia usiku au kuzungumza peke yake kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau anaweza kudhaniwa mchawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati huko Marani, Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi.

Pamoja na hayo, Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza kumtendea mtu yeyote kwa njia ya kikatili au ya kumdhalilisha. Mnyororo hauwi halali kwa sababu umefungwa na mzazi.

Kuliboresha boma

Kwa kuwa makao ya kaunti hayawezi kujengwa kwa siku moja, hatua ya kwanza ni kuliimarisha boma lililopo. Mambo matano yanafaa kuzingatiwa.

La kwanza ni ulezi wa zaidi ya mtu mmoja. Wazazi waitishe kikao cha ukoo wakiwa wangali na nguvu, mgonjwa mwenyewe akiwepo, na wakubaliane ni nani atampeleka kliniki, nani atashika fedha, na nani atamtembelea. Wawili wasiokaa boma moja ni bora kuliko mmoja.

La pili ni kumbukumbu ya maandishi. Daftari moja liandikwe majina ya dawa, vipimo vyake, tarehe za kliniki, dawa zilizomdhuru zamani, na dalili zinazotangulia ugonjwa kurejea, kama vile kukesha, kukataa chakula au kujitenga. Elimu hii kwa kawaida imo kichwani mwa mama, na huzikwa pamoja naye.

La tatu ni dawa zenyewe. Kwa wanaosahau au kuchoka na vidonge, kuna sindano kama ile ya flufenazini, ambayo hudungwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Mgonjwa akilalamika kwamba mwili unakakamaa au mikono inatetemeka, asiambiwe anajifanya. Hayo ni madhara yajulikanayo ya baadhi ya dawa hizi, na muuguzi anaweza kubadilisha kipimo. Dawa isikatizwe ghafla kwa kuwa mtu ameonekana amepona. Bangi na chang'aa huuchochea ugonjwa, na kijana anayevitumia anahitaji msaada wala si kejeli.

La nne ni maneno ya nyumbani. Watafiti wa London, akiwemo George Brown, waligundua tangu miaka ya 1950 hadi 1970 kwamba wagonjwa waliorejea katika nyumba zenye lawama na ugomvi mwingi waliugua tena kwa urahisi zaidi kuliko waliorejea katika nyumba tulivu. Nyumba ndogo iliyotengana na ile kubwa, yenye mlango wake na ufunguo wake, humpa kila mmoja nafasi ya kupumua.

La tano ni kazi na afya ya mwili. Kuchuma majani chai, kufuga kuku au kuuza ndizi humpa mtu sababu ya kuamka asubuhi. Lakini alipwe kama wengine, kwani ni jambo la kawaida mgonjwa kuchunga ng'ombe wa kaka zake miaka kumi bila hata shati la sikukuu. Aidha, asinyimwe matibabu ya kawaida. WHO inasema watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na sababu nyingi ni magonjwa ya mwili yanayozuilika au kutibika.

Ardhi na urithi

Katika Kisii na Nyamira, suala la makao haliwezi kutenganishwa na hatimiliki. Mgonjwa asiye na kipande cha ardhi kinachojulikana huishi kwa hisani, na hisani huisha.

Mzazi mwenye shamba anaweza kuandika wasia. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, wasia wa maandishi hutiwa saini mbele ya mashahidi wawili, na ni vyema mashahidi hao wasiwe miongoni mwa wanaorithi. Wasia wa mdomo nao hukubaliwa, lakini endapo tu ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka akafariki katika muda wa miezi mitatu. Mama aliyewaambia wanawe mwaka jana kwamba "huyu asiguswe" hajaacha wasia ambao mahakama itautambua.

Sheria hiyo haimbagui mtoto kwa sababu ya ugonjwa wala jinsia. Binti mgonjwa ambaye hakuolewa, au aliyerudishwa kwao baada ya kuugua, ana haki ya kurithi sawa na kaka zake. Mtegemezi aliyesahauliwa katika wasia anaweza pia, yeye au mtu kwa niaba yake, kuiomba mahakama imtengee fungu la kumtosha.

Mgonjwa anaposhindwa kabisa kusimamia mali yake, Sheria ya Afya ya Akili inaipa mahakama uwezo wa kumteua msimamizi. Msimamizi huyo haruhusiwi kuuza au kuweka rehani ardhi hiyo bila idhini ya mahakama. Shamba la kilimo pia haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi ya eneo, na jamaa mwenye haki anayehofia mauzo ya siri anaweza kuwasilisha zuio katika afisi ya ardhi. Kikwazo kikubwa ni kwamba hati nyingi zingali katika jina la babu aliyefariki zamani. Familia inayotaka kumlinda mgonjwa wake inapaswa kuanza na kesi hiyo ya urithi, ambayo huhitaji barua ya chifu na subira.

Haki na fedha

Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mnamo 2008. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali atakapoishi na atakaoishi nao, sawa na watu wengine. Katiba nayo, katika Kifungu cha 43, inataja haki ya afya na ya makao yafaayo. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa Juni 2022, na marekebisho hayo yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili, zikiwemo zile zinazotolewa katika jamii. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu kilikiuka Katiba. Kwa hivyo, familia ya mtu kama huyo haina sababu ya kuogopa kumpeleka hospitalini.

Kuhusu fedha, mpango wa Inua Jamii hutoa Sh2,000 kila mwezi kwa watu wenye ulemavu mkali waliosajiliwa. Hizo ni takriban Sh66 kwa siku. Haziwezi kulipa mhudumu, lakini zinaweza kununua sabuni, sukari na nauli ya kliniki. Hatua ya mwanzo ni kumsajili mgonjwa katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwani ulemavu unaotokana na maradhi ya akili hutambuliwa pia.

Kaunti zaweza kufanya nini?

Serikali za Kisii na Nyamira hazihitaji kujenga jumba la ghorofa. Nyumba chache za kukodi, kila moja ikiwa na watu wasiozidi watano, katika miji ambayo tayari ina hospitali na soko, kama vile Kisii, Nyamira, Keroka au Ogembo, zingetosha kwa kuanzia. Nyumba ikiwa mbali na zahanati, dawa zitakosekana. Ikiwa mbali na soko, wakazi watakuwa wafungwa.

Gharama zake zinajulikana: kodi, chakula, mshahara wa wahudumu, usafiri wa muuguzi na akiba ya dharura. Kilicho kigumu ni gharama za kila mwezi, ambazo hazina utepe wa kukatwa wala jiwe la msingi. Ndiyo maana fedha hizo zinapaswa kuwekwa katika bajeti ya afya inayopitishwa na mabunge ya kaunti kila mwaka, badala ya kutegemea mfadhili ambaye mradi wake una tarehe ya kwisha.

Wahudumu nao wapo. Mnamo Septemba 2023, serikali kuu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, ambao huzunguka nyumba kwa nyumba. Wakifunzwa kuzitambua dalili na kuulizia dawa, wanaweza kuwa jicho la kliniki vijijini. Tangu 2008, WHO imekuwa na mpango wa kuwafunza wauguzi na matabibu wa kawaida kushughulikia maradhi ya akili, kwa sababu haitatokea karibuni kila zahanati ikawa na daktari bingwa.

Masharti ya nyumba hizo yaandikwe tangu mwanzo: mkazi aingie kwa hiari yake, awe na ufunguo wake, apokee wageni, ashike fedha zake kadiri awezavyo, na awe na mahali pa kulalamika nje ya nyumba hiyo. Wakaguzi wafike bila kutoa taarifa. Na majirani waelezwe mapema, barazani, kabla ya uvumi kuwafikia.

Maswali ya kuuliza

Mwananchi anapoambiwa kwamba kituo fulani huwatunza wagonjwa wa akili, kiwe cha serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi, anafaa kuuliza: Je, kimesajiliwa? Ni muuguzi gani hufika, na siku zipi? Je, dawa hutolewa, au wagonjwa huambiwa waziache? Je, milango hufungwa kwa nje? Je, jamaa wanaruhusiwa kufika saa yoyote? Mkazi anayefanya kazi shambani hulipwa nini? Kituo kisichoweza kuyajibu maswali haya hakifai kukabidhiwa binadamu.

Kwa familia, lipo swali moja la kujibiwa mwaka huu, wazazi wakiwa wangalipo: baada yetu, nani atapika chungu cha jioni, na nani ataupeleka mkebe wa dawa? Jibu likipatikana kikaoni mchana, likaandikwa na kutiwa saini, mgonjwa atabaki nyumbani kwake. Likiachwa hadi siku ya matanga, wenye kugawana shamba watalijibu kwa niaba yake.